Laptopu ya mtumba baada ya Windows 10: njia nne, na kila moja inamfaa nani

Kabla hujasoma zaidi, angalia namba ya prosesa ya laptopu yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha tafuta mstari wenye jina Intel au AMD. Wengi wetu tutakuta Intel. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: hiyo ni ya sita. i5-7200U ni ya saba, i5-8250U ni ya nane. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili: 10, 11, 12. Ukiwa kizazi cha nane au zaidi, huna kesi kubwa. Pandisha Windows 11, na ikikataa, ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) uwashe TPM, kijisehemu kinachotunza funguo za siri ndani ya mashine, maana mara nyingi imezimwa tu. Makala haya ni ya sisi wa sita na wa saba kurudi nyuma.

Na tuko wengi. Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache, za zamani zinapitia Dubai au zinakuja moja kwa moja kwa kontena, halafu zinatua Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi na Kampala. HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460, Dell Latitude E7470: hizo ndizo zilizosomesha watu vyuo na kufungua steshenari mitaani, na zote ni kizazi cha sita. Ni mashine ngumu, kibodi nzuri, spea zinapatikana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 10 viraka vya kawaida, yaani masasisho ya kuziba matundu ya usalama, na Windows 11 haizipokei rasmi.

Niseme maoni yangu hapa ili yasinichomoke huko mbele. Sharti la TPM 2.0 lina mantiki ya usalama. Sharti la kizazi cha nane linanipa shida kulitetea. ThinkPad T470 yenye prosesa ya kizazi cha saba inayo TPM 2.0 na bado inakataliwa, ilhali Microsoft ilipokaza orodha yake mwaka 2021 iliruhusu prosesa chache za kizazi hicho hicho cha saba, ikiwemo i7-7820HQ, iliyomo ndani ya kompyuta yake yenyewe ya Surface Studio 2. Aliyekaa Redmond, makao makuu ya Microsoft, akichora mstari huo hakuwa akimfikiria mnunuzi wa mkono wa pili, na sisi ndio wa mkono wa pili.

Haya, mstari umechorwa. Ufanye nini?

Vigezo kwanza

Nitazipima njia zote kwa mambo manne. La kwanza ni viraka: vinakuja mpaka lini, na kwa uhakika gani. Usidharau hili. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizilaza kompyuta katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kiraka cha tundu alilopitia kilikuwa kimetoka tangu Machi. Waliokuwa wamekiweka walilala usingizi.

La pili ni gharama, na humo naweka bando, kwa sababu faili la GB 6 huku kwetu ni pesa. La tatu ni kazi: ni programu gani huwezi kuishi bila hiyo? La nne, ambalo makala za wenzetu wa ng'ambo huliruka, ni msaada. Mashine ikigoma saa mbili usiku na kesho una wasilisho, nani mtaani kwako anaujua huo mfumo?

Sijaweka kasi kama kigezo. Laptopu ya aina hii ikiwa bado na diski ya kuzunguka, hakuna mfumo utakaoifanya iwe na raha. Weka SSD (diski isiyozunguka), ongeza RAM ifike GB 8, ndipo tuanze kubishana. Nimeona watu wakihama mfumo kwa hasira, kumbe ugonjwa ulikuwa diski.

Kubaki Windows 10

Viraka: kuna mpango wa nyongeza unaoitwa ESU, ambao Microsoft iliutangazia watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Kujiunga, mashine iwe na toleo la 22H2 na uwe na akaunti ya Microsoft. Ofisi zinaweza kununua mpaka miaka mitatu, kwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza na bei inaongezeka mara mbili kila mwaka, hesabu ambayo kwa ofisi ya mashine ishirini inaanza kufanana na kununua laptopu nyingine. Kuna habari njema isiyosemwa sana: Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, itaendelea kupokea taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, na programu za Microsoft 365 nazo zitapata viraka hadi mwaka huo huo. Vivinjari pia haviondoki siku moja na mfumo. Windows 7 ilifikia mwisho Januari 2020, lakini Chrome iliendelea kuihudumia hadi mwanzoni mwa 2023.

Gharama: dola 30 ukilipa, kama shilingi 75,000 za Tanzania, au bure ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Angalia usiwashe pia uhifadhi wa mafaili yote, maana OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ya bure ni GB 5 tu. Ikijaa itaanza kukuomba hela kila asubuhi. Ndugu zetu walioko nchi za Umoja wa Ulaya hawawekewi sharti hilo la kuhifadhi.

Kazi: zote. Tally yako ya uhasibu, CorelDRAW yako ya usanifu, ile programu ya kuriseti wino wa Epson ambayo kila steshenari inayo na hakuna anayesema ameitoa wapi, zote zinabaki palepale.

Msaada: kila fundi anaijua.

Hapa lazima tuongee kuhusu Windows ya kukraki. Laptopu nyingi za mtumba zilizotoka maofisini zina leseni halali ya Windows Pro iliyochomwa ndani ya BIOS tangu kiwandani, desturi iliyoanza na Windows 8. Ukipiga Windows safi ya toleo hilo hilo na kuunganisha intaneti, inajiamsha yenyewe. Fundi anayewasha kikrakishi juu ya mashine kama hiyo anakuingizia programu ya mtu usiyemjua, yenye ruhusa zote, kufanya kazi ambayo haikuhitajika. Ukifika mezani kwake, mwambie asubiri kwanza mashine iingie mtandaoni.

Na wale wanaobaki bila ESU? Siwahukumu. Pesa zetu nyingi ziko kwenye simu, haziko kwenye laptopu. Lakini barua pepe iko humo, WhatsApp imeachwa wazi kwenye kivinjari, nywila zimehifadhiwa, vyeti na vitambulisho vya wateja viko kwenye fleshi inayopita kompyuta kumi kwa siku. Anayekaa hivyo walau aondoe nywila kwenye kivinjari na asichomeke fleshi ya kila mtu.

Inamfaa: mwenye programu moja ya Windows inayomlisha, na anayehitaji mwaka wa kujipanga.

Kulazimisha Windows 11

Hii ndiyo njia ambayo mafundi wengi watakupendekezea. Kuna programu ya bure iitwayo Rufus inayoandaa fleshi ya Windows 11 na kuondoa ukaguzi wa TPM na prosesa. Dakika arobaini, umeme ukiwepo, umemaliza.

Viraka: kwa kawaida vya kila mwezi vinaingia, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine zisizokidhi masharti hazina haki ya kuvipata. Leo unavyo, kesho ni hisani. Tatizo halisi ni matoleo ya kila mwaka. Kila toleo la nyumbani linahudumiwa miezi 24, na mashine iliyolazimishwa hailetewi toleo jipya lenyewe. Laptopu ya mpwa wangu, EliteBook, iliwekewa 23H2 na ikaenda vizuri kabisa. Huduma ya toleo hilo ilikoma 11 Novemba 2025 na hakuna ujumbe uliomwambia ashushe lingine. Alikuwa anatembea na Windows 11, amejaa imani, ana hali ile ile ya jirani yake mwenye Windows 10. Tulirudia zoezi zima kwa fleshi.

Gharama: leseni ya Windows 10 kwa kawaida inakubalika, hivyo hulipi. Bando la GB 5 hadi 7 kila unaporudia, au elfu kadhaa za fundi.

Kazi: zote pia, ila RAM ya GB 4 itakutesa. Inasemwa ndiyo kiwango cha chini. Kwa mtu anayefungua Chrome na Word pamoja, ni kuganda tu. Mashine za kale sana, kama zile za Core 2 Duo, haziwaki kabisa kwenye toleo la 24H2 kuendelea kwa sababu prosesa haina maagizo yanayotakiwa.

Msaada: upo kila kona, ingawa wengi watakuacha njiani toleo likipitwa na wakati.

Inamfaa: mtu anayependa kuchokonoa mwenyewe, au mwenye fundi wa kudumu atakayekumbuka kumwita mara moja kwa mwaka. Ofisi inayotunza kumbukumbu za wagonjwa au wateja nisingeishauri. Siku ya ukaguzi, "fundi alisema inaenda" ni jibu baya.

Kuhamia Linux Mint

Linux, mifumo ya bure inayochukua nafasi ya Windows, ziko nyingi, lakini kwa anayetoka Windows nachukua Mint. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, na mtu hapotei.

Viraka: Mint 22, iliyotoka Julai 2024, inahudumiwa hadi 2029, na kupandisha toleo jipya ni bure. Mfumo haukuulizi prosesa ya kizazi gani, alimradi ni ya biti 64.

Gharama: sifuri. Faili ni karibu GB 3, na fleshi moja inaweza kupita mtaa mzima kihalali. Ukiwa na RAM ya GB 4, chukua toleo la Xfce, ni jepesi. Raha yake nyingine ni kwamba unaweza kuuendesha kutoka kwenye fleshi bila kufuta chochote: ukajaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa, kisha ukazima na kurudi Windows yako. Tumia siku nzima kwenye jaribio hilo. Hakuna ushauri wa mtu utakaoushinda.

Kazi: hapa ndipo panapotaka ukweli. Mtandao, WhatsApp kwenye kivinjari, Zoom, VLC, hakuna shida. Simu yako ukiichomeka kwa waya kugawa intaneti, inasomwa papo hapo. Mtafiti atakuta R, QGIS na Zotero zinakwenda vizuri, na Stata ina toleo lake la Linux. Lakini CorelDRAW na Photoshop hazipo, na anayekwambia kuna njia ya kuzilazimisha muulize kama yeye anapatia riziki hapo. Tally ni ya Windows. AutoCAD vilevile. Fomu za Excel zenye makro, zile za kodi na za wafadhili, mara nyingi hugoma kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint.

Na LibreOffice yenyewe? Barua, bajeti, ripoti fupi, vizuri tu. Tasnifu yenye jedwali la yaliyomo, namba za sura na maoni ya msimamizi pembeni itafunguka, lakini ikipita kati yako na Word ya msimamizi mara tano, kitu kitasogea. Ukienda kuchapa steshenari, peleka PDF. Ukipeleka faili la kuharirika, litafunguliwa kwenye Word na kurasa zako 60 zitakuwa 63.

Printa za Epson za matangi ya wino kwa kawaida zinakubali. Canon za leza ndogo zinaweza kukusumbua jioni nzima. Kuriseti Epson kwa ile programu ya mtaani, sahau.

Msaada: huu ndio udhaifu mkubwa. Fundi wa kawaida atakiangalia kioo, ataguna, kisha atapendekeza akupigie Windows. Inachekesha ukikumbuka kwamba mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa tayari wametoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Lugha tulikuwa nayo. Mafundi wa mtaani hatukuwaandaa. Kabla ya kuhama, mtafute mtu mmoja unayeweza kumpigia simu. Mwanachuo wa kompyuta aliye karibu anatosha.

Kwa ofisi na halmashauri, kisa cha München kinafaa kusomwa polepole. Jiji hilo la Ujerumani liliamua kwenda Linux mwaka 2003, likahamisha takriban kompyuta 15,000 kufikia 2013, kisha mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Wapenzi wa Linux wanasema ni siasa, wapinzani wanasema watumishi walichoka. Ninavyokisoma mimi, mafaili ya kubadilishana na ofisi nyingine na programu maalumu za idara ndivyo vilivyobaki kuwa mwiba muda wote. Jimbo la Schleswig-Holstein, nchini humo humo, limeanza upande wa pili: lilitangaza mwaka 2024 kwamba kompyuta zake zipatazo 30,000 zihamie LibreOffice na baadaye Linux. Kuanza na mafaili kabla ya mfumo ni mpangilio ninaouelewa zaidi.

Inamfaa: mwalimu, mwandishi, mwanafunzi asiye wa usanifu wala uhasibu, msanidi programu, na mzee anayesoma habari na kupiga simu za video na wajukuu.

ChromeOS Flex

Hii ni fupi. Ni mfumo wa Google wa kufanyia karibu kila kitu ndani ya kivinjari. Google ilinunua kampuni iliyokuwa ikitengeneza mfumo kama huu mwishoni mwa 2020, na mwaka 2022 ikatoa Flex kwa kompyuta za kawaida, bure.

Viraka vinaingia kimyakimya, na kila modeli iliyothibitishwa ina tarehe yake ya mwisho kwenye orodha ya Google, kwa hiyo tafuta yako kwanza. Gharama ni sifuri na RAM ya GB 4 inatosha, lakini bando linaliwa kila siku, kwa sababu maisha yote yako kwenye kivinjari. Kazi: Docs, Gmail, YouTube, Canva, tovuti za serikali. Programu za Play Store hazimo, tofauti na Chromebook za dukani, na wengi hugundua hilo wakiwa wameshafuta Windows. Msaada: hakuna cha kuharibika sana, ikigoma unaiweka upya na kuingia kwenye akaunti yako.

Inamfaa: chumba cha kompyuta cha shule chenye intaneti ya uhakika, mapokezi ya ofisi, mzazi anayebofya kila kitu. Mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha, hapana.

Ukiwa hali gani, uanzie wapi

Usianze kwa kuuliza mfumo gani ni bora. Andika kwenye karatasi ile kazi moja ambayo ikikwama Jumatatu unapoteza hela, halafu hali yako utaiona hapa.

Kama kazi hiyo ni CorelDRAW, Tally au kuriseti printa, jiunge na ESU leo na uanze kudunduliza kwa ajili ya laptopu ya kizazi cha nane. EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 zipo sokoni kwa mkono wa pili. Ila soma namba ya prosesa kwa macho yako kabla ya kulipa, kwa sababu T480 nyingine zilitoka na kizazi cha saba.

Kama unamalizia tasnifu, usiguse chochote mpaka uiwasilishe. Baki Windows 10 na ESU, weka nakala ya kazi yako mahali pawili, na Linux uijaribu kwa fleshi wiki ya baada ya utetezi.

Kama kazi yako ni barua pepe, kuandika na mtandao, na una mtu wa kumpigia simu, Mint itakupa miaka mingi zaidi kwa mashine hiyo hiyo. Huna mtu wa kumpigia, lakini una Wi-Fi nzuri nyumbani? Flex.

Kama wewe ni fundi wako mwenyewe, Windows 11 ya kulazimisha inaenda. Weka ukumbusho kwenye simu wa tarehe ambayo toleo lako litafikia mwisho.

Kama unasimamia maabara ya shule yenye mashine thelathini za umri mmoja, usizihamishe zote likizo hii. Chukua tano, weka Mint, mkabidhi mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu muhula mzima, kisha uwaulize wao.

Na mwenye mashine mbili nyumbani ana bahati. Nzuri ibaki na Windows kwa ajili ya ile programu moja, na ikae mbali na fleshi za watu. Nyingine ipewe Linux, iende sebuleni.